Paki ya waipa si mota

Waipa zikizimwa zinaganda katikati ya kioo, na jibu linatoka kabla hata bonneti haijafunguliwa: mota imekufa, katafute nyingine. Lakini mota iliyokufa haizungushi kitu. Hii inazungusha vizuri, mwendo wa kwanza na wa pili, ila hairudi chini. Kilichoharibika ni paki.

Paki ni swichi ndogo iliyo ndani ya mota, inayoipa mota umeme wa kumalizia safari baada ya dereva kuzima, kisha inaukata waipa zikishalala chini ya kioo. Fasili yake haizidi hapo.

Shida inaanzia kwenye imani kwamba swichi ya usukani ndiyo inayozisimamisha waipa. Ile swichi inabadilisha njia ya umeme tu. Mota ya kawaida ina kaboni tatu, yaani vipande vinavyopeleka umeme kwenye koili (nyaya zilizoviringishwa ndani ya mota): ya ethi, yaani upande hasi unaoshika bodi ya gari, ya mwendo wa kwanza, na ya mwendo wa pili, ambayo imewekwa pembeni ili umeme upite kwenye nyuzi chache zaidi za koili na mota ikimbie. Kwenye Toyota nyingi utakuta +1 ni mwendo wa kwanza, +2 ni wa pili, B ni umeme unaotoka kwenye fyuzi, na S ni waya wa paki. Ukizima, swichi ya usukani inaunganisha S na +1.

Sasa ingia ndani ya mota. Gia kubwa imebeba sahani ya shaba yenye pengo. Waipa zikiwa popote juu ya kioo, sahani inaunganisha B na S, kwa hiyo volti 12 zinatoka kwa S, zinapanda hadi kwenye swichi ya usukani, zinarudi kwa +1, na mota inaendelea kuzunguka ingawa dereva ameshazima. Pengo likifika, S inaachana na B na kugusa ethi. Hapo pande mbili za koili zimeungana, na mota ambayo bado inazunguka inageuka jenereta inayojifunga breki yenyewe. Ndiyo maana waipa isiyo na hitilafu inasimama palepale bila kupitiliza.

Kwa hiyo kuna magonjwa mawili tofauti ya paki. S isipopata umeme wa B, waipa zinaganda pale zilipozimiwa. S isipogusa ethi, breki haipo, na waipa zinapitiliza, zinapata umeme tena, zinazunguka bila kukoma hadi uzime ufunguo.

Kupima hakuhitaji vifaa vya ajabu. Washa ufunguo, swichi ya waipa ikiwa imezimwa, na upime B: volti 12 lazima ziwepo. Zisipokuwepo, fuata waya hadi kwenye fyuzi. Zikiwepo, washa mwendo wa kwanza na upime S soketi ikiwa imechomekwa. Kila mzunguko isome 12 kisha 0. (Weka mikono mbali na fito za waipa, vyuma vinavyounganisha mota na waipa; zinakata vidole.) Ikibaki 0 muda wote, fungua kifuniko cha gia. Mara nyingi utakuta grisi iliyokauka na shaba iliyoingia weusi. Isafishe, sugua kwa msasa laini sana, nyanyua kidogo ncha zinazogusa sahani ili ziguse sawasawa, paka grisi mpya kwenye meno ya gia. S ikipanda na kushuka vizuri na bado waipa hazirudi, tafuta kwenye swichi ya usukani au waya ulio kati yake na mota.

Waipa zinazosimama kila mara mahali palepale pasipo pake hazina kosa la umeme. Mkono wa waipa umefungwa kwenye jino lisilo lake la ekseli. Iache mota ipaki kwanza, ndipo ufunge mikono ya waipa.

Dalili nzuri kuliko zote iko kwenye waipa za kupumzika, zile zinazofagia mara moja, zinatulia, kisha zinafagia tena. Muda wa kupumzika unaweza kupimwa na kapasita (hifadhi ndogo ya umeme) inayojaa kupitia rezista (kizuizi cha umeme), mpango ambao Robert Kearns wa Marekani alipewa hataza yake mwaka 1967. Rilei, swichi inayoendeshwa na umeme, inatoa msukumo mfupi tu, wa kuiondoa sahani kwenye pengo. Paki ndiyo inayomalizia mzunguko. Paki ikiwa mbovu, waipa zinasogea kidogo, zinasimama, zinasogea tena.

Upande wa maji ni mwepesi. Pampu iko chini ya tenki, na kwenye Toyota nyingi ina chanya muda wote ufunguo ukiwa umewashwa; swichi inaipa ethi. Kukuta volti 12 kwenye waya wake mmoja bila kubonyeza kitu si shoti. Ikinguruma bila maji kutoka, chomoa mpira karibu nayo: maji yakitoka hapo, nozeli zimezibwa na chumvi ya maji ya kisima au sabuni ya unga. Usiiendeshe tenki likiwa tupu.

Ukipeleka gari kwa fundi, basi, mwambie "paki haifanyi kazi", na umwombe apime S kabla ya kuiagiza mota. Neno "mota mbovu" liachie ile ambayo umeipa umeme moja kwa moja kwenye +1, ethi ikiwa nzima, na haikuzunguka.