Je, wajua kwa nini mtu mwenye minyoo anaweza kupimwa choo na kuambiwa hana?

Mtoto anakohoa kikohozi kikavu, kifua kinabana, na usiku anapumua kwa mlio. Choo kinapimwa, na jibu ni kwamba hakuna mayai ya minyoo. Basi habari ya minyoo inafungwa hapo, na mara nyingi huwa imefungwa mapema mno.

Yai la askarisi, yaani mnyoo mkubwa wa mviringo wa tumboni, likimezwa huanguliwa katika utumbo mwembamba. Buu linalotoka hutoboa utumbo, likachukuliwa na damu kupitia ini hadi mapafuni, likapanda kooni na kumezwa tena. Ni hapo tu linapotulia tumboni na kukua. Mwaka 1922 daktari wa Japani aitwaye Koino alimeza mayai 2,000, kisha akayaona mabuu kwenye makohozi yake mwenyewe. Kikohozi huja wiki moja au mbili baada ya kumeza mayai, lakini mnyoo jike huanza kutaga baada ya miezi miwili hadi mitatu. Kwa hiyo darubini haikukosea: mayai hayakuwepo bado. Wakati huo damu ndiyo yenye habari, kwa kuwa chembe nyeupe ziitwazo eosinofili hupanda.

Vijinyoo vyembamba vinavyowasha njia ya haja kubwa usiku navyo hutaga nje, juu ya ngozi. Hivyo hunaswa kwa utepe wa gundi unaobandikwa hapo asubuhi kabla ya kuoga. Na minyoo ya safura hunyonya damu, hivyo mgonjwa huenda akalalamikia uchovu na moyo kwenda mbio, wala asitaje tumbo.

Ninaouhofia zaidi ni mnyoo mdogo sana uitwao strongiloidi. Huu hutoa mabuu badala ya mayai, tena machache na kwa vipindi, kwa hiyo sampuli moja ya choo huukosa kwa urahisi. Dalili yake ya ajabu ni mstari mwekundu unaowasha na kusogea chini ya ngozi sentimita kadhaa kwa saa. Baadhi ya mabuu huingia tena mwilini kabla ya kutoka, ndiyo maana wanajeshi waliokuwa mateka Asia katika Vita Kuu ya Pili walikutwa nao zaidi ya miaka 30 baadaye. Mtu wa namna hiyo akipewa dawa za steroidi (za kutuliza uvimbe na pumu, kama prednisoloni), kinga hushuka, mabuu husambaa mwili mzima, na anaweza kufa. Kama umewahi kuwashwa hivyo, mwambie daktari kabla ya kuanza steroidi, na omba choo kipimwe zaidi ya mara moja pamoja na damu.