Sokoni Hispania, uliza kwanza nani wa mwisho

Wanafunzi wangu wa Kihispania wanaojiandaa kwa safari huniomba majina ya matunda na mboga. Hayo watayasoma kwenye vibao vya bei. Mimi huanza na swali moja: «¿Quién es el último?», yaani, nani wa mwisho?

Kwenye soko la mtaa, Madrid au Valencia, mbele ya meza ya samaki hutaona foleni. Mmoja anakagua ngisi, wawili wanapiga soga, mzee ameegemea nguzo. Lakini kila mmoja anajua anamfuata nani. Ukifika, uliza. Atakayejibu «yo», yaani mimi, ndiye aliye mbele yako, na anayekuja nyuma atajibiwa na wewe. Ukinyamaza, watakupita wote, na kwa desturi yao hakuna aliyekukosea. Penye mashine ya namba, chukua kikaratasi tu.

Salamu haiachwi: «buenos días» hadi chakula cha mchana, kisha «buenas tardes». Matunda usiyabonyeze, muuzaji ndiye anayechagua. Ukitaka nusu kilo ya nyanya, sema «¿me pone medio kilo de tomates?». Robo kilo ni «un cuarto». Kwenye nyama na jibini utasikia «cuarto y mitad»: robo na nusu ya robo, gramu 375. Kipimo hiki nakipenda sana, kinatosha watu wawili bila kubakiza.

Matamshi yasikutishe. Vokali zao ni tano kama zetu. «H» haitamkwi, na «j» ya «tarjeta», kadi ya benki, ni kama «kh» ya Kiarabu.

Dukani hakuna kupatana bei, na kodi imeshajumuishwa. Kwenye gulio la El Rastro, Madrid, kila Jumapili, unaweza kuomba upunguziwe kwa upole.

Maduka madogo mengi hufungwa saa nane mchana hadi saa kumi na moja jioni. Jumatatu meza nyingi za samaki huwa tupu, kwani wavuvi wengi hawatoki Jumapili.

Dawa, hata ya kichwa, haiuzwi supamaketi. Tafuta «farmacia», yenye msalaba wa kijani. Usiku, soma tangazo kwenye mlango wa iliyofungwa: limeandikwa «farmacia de guardia», iliyo zamu, pamoja na anwani yake.