Kusoma chuo huria kwa teknolojia mpya: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mtu mzima mwenye kazi na familia akisema anajiunga na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, hakosi wa kumkatisha tamaa. Huyu atamwambia kile ni chuo cha kusomea kwenye simu, yule atasema digrii zake ni za mteremko, na wa tatu atamhakikishia kwamba bila laptop na intaneti ya kasi asijisumbue. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasaidia wanafunzi wa masafa, yaani wanaosoma wakiwa mbali na chuo, kufungua akaunti, kupakia kazi zao na kujipanga kwa mitihani. Naandika haya kwa sababu nimewaona watu wenye uwezo wakiacha kabla ya kuanza, kwa kuamini maneno ya kijiweni.

"Haya ni mambo ya juzi, yameletwa na intaneti"

Chuo chenyewe kilianzishwa kwa Sheria ya Bunge Namba 17 ya mwaka 1992, na wanafunzi wa kwanza wakaanza masomo mwaka 1994, Makamu Mkuu wa Chuo akiwa Profesa Geoffrey Mmari. Mkonga wa SEACOM unaopita chini ya bahari ulifika Dar es Salaam mwaka 2009; kabla ya hapo intaneti yetu ilipitia setilaiti, ghali na ya kusuasua. Hesabu miaka hiyo 15. Watu walisoma na kuhitimu kwa vitabu vilivyochapwa, barua, na vipindi vya ana kwa ana kwenye vituo vya mikoa.

Hata kabla chuo hakijazaliwa, nchi ilikuwa imeshaonja elimu ya masafa. Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Kikundi kilikaa, kikasikiliza kipindi, anayejua kusoma akawasomea wenzake kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaondoka kwenda kuchimba vyoo. Redio ilikuwa ndiyo teknolojia mpya vijijini. Lakini tazama somo lilikamilikia wapi: ndani ya kikundi, penye kiongozi na watu wa kubishana nao.

Kuna habari nyingine ninayoipenda. Moodle, jukwaa ambalo chuo hiki na vyuo vingi duniani hulitumia kuweka masomo mtandaoni, lilibuniwa na Martin Dougiamas wa Australia, na toleo lake la kwanza likatoka mwaka 2002. Yeye alikulia nyikani, mbali na shule, na utotoni alifundishwa kwa redio ya mawimbi mafupi. Alijua upweke wa kujifunza peke yako kabla hajajua kompyuta.

"Bila laptop na mtandao wa kasi huwezi"

Hapa tufanye hesabu, kwa sababu wengi hukatishwa tamaa na bei ya bando wasiyoipigia mahesabu. Saa moja ya video ya kawaida, inayokwenda kwa kilobiti 500 kwa sekunde, inakula takriban megabaiti 225. Somo hilohilo likiwa sauti tupu ya kilobiti 32, ambayo kwa mtu anayezungumza inasikika vizuri, ni megabaiti 14 na ushei. Na maandishi ya kurasa 40 yasiyo na picha mara nyingi hayafiki hata megabaiti 1. Kwa bando la kutazama mhadhara mmoja wa video unasikiliza mihadhara 15 ya sauti, au unapakua maandishi ya kozi nzima na chenji inabaki.

Moodle nayo ina programu yake ya simu, inayokuwezesha kupakua masomo ukiwa mjini penye mtandao mzuri ukayasoma kijijini bila mtandao wowote. Chukua mwalimu wa shule ya msingi wilayani Kakonko ambaye kituo chake cha mkoa kiko Kigoma mjini. Akija mjini mara moja kwa mwezi kwa shughuli zake, anaweza kuondoka na masomo ya mwezi mzima mfukoni. Wanaoweka masomo mtandaoni wanapaswa kumfikiria mtu huyu. Mhadhiri anayepakia faili la megabaiti 80 lililojaa picha za kurasa zilizopigwa skani, wakati angeweza kuweka maandishi, anamfungia mwanafunzi mlango bila kujua.

Sitaficha kwamba simu ina mipaka yake. Kuandika ripoti ya utafiti kwa kidole gumba ni mateso, na ikifika hatua hiyo kompyuta ni lazima, iwe yako, ya kazini au ya kituo cha mkoa. Ila hiyo ni kazi ya mwishoni. Haimzuii mtu kuanza.

"Video nyingi zaidi, elimu bora zaidi"

Vyuo vingine huona fahari kuhesabu saa za mihadhara vilizorekodi. Mwanafunzi naye hutazama, huitikia kwa kichwa, hujiona ameelewa. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Washington University, St. Louis, walichapisha jaribio ambalo kila anayesoma peke yake anapaswa kulijua. Wanafunzi walisoma kifungu kifupi. Baadhi wakakisoma tena, wengine wakafunika karatasi na kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele kidogo. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojijaribu walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42.

Kwa hiyo maswali matano yanayojisahihisha, yakiwekwa mwishoni mwa kila mada, ni teknolojia ya maana kuliko kamera ya bei mbaya. Hayali bando na yanakuonyesha usichokijua kabla mtihani haujakuonyesha.

"Mfumo ukishawekwa, kazi ya mwalimu imekwisha"

Dhana hii inaniuma kuliko zote, kwa sababu inaaminiwa hata na wenye kupanga bajeti. Wananunua seva, wanafunza wahadhiri siku mbili namna ya kupakia faili, wanahesabu kwamba kozi iko mtandaoni. Mwanafunzi anaingia, anakuta faili 12 na ukumbi wa majadiliano ambao swali la mwisho liliulizwa miezi minne iliyopita na halijajibiwa.

Michael Moore, mtaalamu wa elimu ya masafa aliyewahi kufanya kazi ya elimu ya watu wazima Kenya miaka ya 1960, alisema umbali unaomtesa mwanafunzi si ule wa ramani. Ni pengo la kutoelewana kati yake na anayemfundisha, na hupungua pale panapokuwa na mazungumzo. Aliyekaa ukumbini Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzake 400 bila kuthubutu kuuliza anaweza kuwa mbali na mwalimu wake kuliko wa Kakonko aliyepata jibu la simu jioni ileile.

Open University ya Uingereza ilipoanza kufundisha mwaka 1971, watu wengi walivutiwa na vipindi vyake vya BBC. Lakini kila mwanafunzi alikuwa pia na mkufunzi wake, aliyemwandikia maelezo pembeni mwa kazi zake na kumrudishia kwa posta: hapa umeruka hatua, hapa umesema vizuri, soma tena ukurasa fulani. Vipindi vile vya usiku kwenye televisheni vilikoma mwaka 2006. Wakufunzi hawakukoma.

Maoni ya namna hiyo yana gharama, na lazima isemwe wazi. Mhadhiri mwenye wanafunzi 300, akitumia dakika 10 kwa kila insha, anahitaji saa 50 kwa kazi moja tu. Hapo ndipo teknolojia inapomfaa kweli: maswali ya kuchagua yajisahihishe yenyewe, ili saa zake ziende kwenye insha. Makosa yanayojirudia ayarekodie maelezo ya dakika 6 na kuyatuma kwa wote. Anayehitaji neno la peke yake atumiwe ujumbe wa sauti; dakika moja ya kuzungumza ina mengi kuliko mistari mitatu ya kuandika, na mwanafunzi anasikia kwamba kuna mtu amesoma kazi yake.

Nimeona mwanafunzi akisikiliza ujumbe kama huo mara tatu mfululizo, huku akitabasamu.

"Kundi la WhatsApp linatosha"

Kundi ni zuri kwa kutiana moyo na kukumbushana tarehe. Ila ujumbe wa Jumatatu unazikwa na salamu za Jumanne, na tarehe ya mtihani iliyobadilishwa na mtu asiyejulikana husambaa haraka kuliko tangazo la chuo. Mjadili humo, lakini tarehe, ada na matokeo myathibitishe kwenye mfumo wa chuo au kituo cha mkoa.

"Digrii ya masafa ni nyepesi, na sasa akili unde (AI) itakuandikia"

Nelson Mandela alimaliza shahada ya sheria ya UNISA, chuo cha masafa cha Afrika Kusini, mwaka 1989, akiwa bado mfungwa. Sidhani kuna anayeweza kusema alipewa bure. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania ni chuo cha umma, na shahada zake zinatambuliwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kama za vyuo vingine.

Kuhusu akili unde, kuna matumizi yake ya haki. Iombe ikueleze dhana ngumu kwa maneno mepesi, au ikutungie maswali ya kujijaribu, kisha ulinganishe na kitabu, maana hukosea kwa kujiamini na hata hubuni marejeo yasiyokuwepo. Ukiiachia ikuandikie insha, umejinyima zile asilimia 56 za waliojijaribu. Mtihani wa mwisho hufanyika kituoni, msimamizi akiwa mbele, simu zikiwa zimezimwa, na unapewa karatasi na swali lililoandikwa na mtu anayetaka kujua wewe unafikiri nini.