Reli ya mwendo wa kasi haifuati ufuo

Kila ukitajwa mpango wa reli ya pwani, hakosekani mtu wa kusema: pwani ni tambarare, haina milima ya kutobolewa, basi reli ifuate ufuo, ipite kila mji, kazi iishe. Kauli hii nimeichoka. Haitoki kwa wapita njia tu. Hutamkwa pia na watu wenye sauti katika kugawa fedha, na ikishaingia kwenye hadidu za rejea, kuitoa ni kazi kubwa kuliko upimaji wenyewe.

Itazame Al Boraq ya Moroko, iliyozinduliwa Novemba 2018. Inaunganisha Tangier na Casablanca, kilomita 323 upande wa Atlantiki, na kwenye ramani ndogo utaapa kwamba inafuata bahari. Ikuze ramani. Sehemu mpya, ile ya Tangier hadi Kenitra ambako treni hukimbia kilomita 320 kwa saa, imejivuta bara, inakwepa Asilah na Larache, na haina stesheni hata moja katikati. Si kwamba wasanifu hawapendi bahari.

Kwanza ni kona. Ili kupata nusu kipenyo cha kona kwa mita, chukua kasi ya kilomita kwa saa kwa mraba, zidisha kwa 11.8, kisha gawanya kwa jumla ya milimita ulizoinua reli ya nje na milimita za upungufu wa mwinuko huo unaoruhusiwa. Kwa jumla ya 250, treni ya kilomita 160 kwa saa inahitaji nusu kipenyo cha mita 1,200 hivi. Treni ya 320 inahitaji 4,800, na kwa starehe ya abiria na uhai wa reli wengi wetu wahandisi tunaanzia 6,000. Kasi imeongezeka mara mbili, kona imepanuka mara nne. Ukiwa na nusu kipenyo cha mita 6,000, kugeuka nyuzi 30 tu kunakula zaidi ya kilomita 3. Hapo bado hujaweka vipande vya kuingilia na kutokea kwenye kona, ambako reli ya nje huinuka polepole: milimita 150 kwa mwendo wa milimita 50 kila sekunde ni sekunde 3, yaani karibu mita 270 kila upande. Sasa niambie utaizungukaje ghuba yenye upana wa kilomita 2. Huizunguki. Ama unaikata kwa daraja, ama unahamia bara.

Hii pia ndiyo sababu kauli ya "SGR ipo, tuletewe treni zenye nguvu zaidi" haisimami. Njia ya Dar es Salaam hadi Dodoma imesanifiwa kwa kilomita 160 kwa saa, na treni za abiria za Mombasa hadi Nairobi kwa 120. Ni njia halali kwa kazi zake. Lakini kona ikishachimbwa na kumwagiwa kokoto, hakuna kichwa cha treni kitakachoinyoosha.

Nafika kwenye udongo, na hapa sitaharakisha, maana hapa ndipo neno "tambarare" linapofilisi miradi. Ardhi ya pwani ni tambarare kwa sababu mito na bahari zimeijaza matope. Chini ya nyasi unakuta mfinyanzi laini, mchanga uliojaa maji, na mabaki ya mikoko na majani yaliyooza. Ukiweka tuta la mita 6 juu yake, litazama, na swali ni lini litaacha. Njia isiyo na kokoto, yaani reli juu ya sakafu ya zege, kwa viwango vya China inaruhusiwa kuzama milimita 15 tu baada ya kukamilika. Mfinyanzi wa unene wa mita 10 unaweza kutaka miaka mingi kutoa maji yake. Tunachofanya ni kuchomeka mifereji wima ya plastiki kila baada ya mita moja hadi moja na nusu, ili maji yapate njia fupi. Muda hufuata mraba wa njia hiyo: ifupishe kwa nusu, muda unashuka hadi robo. Kisha tunapandisha tuta kwa tabaka na kuongeza mzigo wa ziada wa mita 2 au 3 juu, ukae miezi 6 hadi 12, kisha uondolewe.

Kinachoharibika kinajulikana. Tuta likipandishwa haraka, shinikizo la maji ndani ya mfinyanzi huongezeka kuliko linavyoweza kutoka. Ardhi hubenuka kando, ubavu wa tuta hupasuka, na kazi huanza upya kwenye udongo uliokwisha kuvurugwa. Mzigo wa ziada ukiondolewa mapema kwa sababu kalenda inabana, tuta linaendelea kuzama treni zikiwa juu yake. Tena daraja lililosimama juu ya nguzo ndefu halizami, ila tuta linaloliegemea linazama, basi penye kiungo panatokea ngazi ndogo. Kwa 320 ngazi ya milimita chache inapiga magurudumu, kokoto zinasagika, na ngazi inakua. Ndiyo maana tunaweka kabari ya kokoto zilizochanganywa na saruji, yenye urefu wa mita 20 au zaidi, nyuma ya kila kichwa cha daraja.

Na kuna jambo ambalo wasiopenda kupima udongo hawalijui kabisa. Treni inapopita, mawimbi husafiri ndani ya ardhi. Kwenye udongo laini mawimbi hayo huenda polepole, na treni ikiyakaribia kwa kasi, tuta huanza kupanda na kushuka kama mtumbwi. Iliwahi kutokea Ledsgård, kwenye reli ya pwani ya magharibi ya Sweden, mwishoni mwa miaka ya 1990: treni za X2000 zikienda karibu kilomita 200 kwa saa zilitikisa tuta kupita kiasi, ikabidi kasi ishushwe mpaka ardhi ilipoimarishwa kwa nguzo za chokaa na saruji. Treni ya 320 inakwenda mita 89 kwa sekunde. Mimi sitaki ivuke asilimia 60 au 70 ya kasi ya hatari ya ardhi hiyo, yaani kasi ambayo tuta hutikisika hivyo, kwa hiyo kwenye mabonde ya mito unachimba udongo, unauchanganya na saruji, au unajenga daraja.

Hapa nikiri jambo ambalo vitabu hulipitia kimya. Kipimo cha kasi ya mfinyanzi kutoa maji, kikifanywa maabara, kinaweza kutofautiana mara kadhaa na kinachotokea uwanjani, maana uzi mwembamba wa mchanga uliokosekana kwenye sampuli hubadilisha kila kitu. Ratiba tunayoandika siku ya kwanza ni kadirio lenye sura ya uhakika. Siamini chochote mpaka nione miezi ya vipimo vya sahani zilizozikwa chini ya tuta kuonyesha limezama kiasi gani.

Mafuriko yanafuata hapohapo. Tuta refu sambamba na bahari ni bwawa: mito yote inashuka kuelekea upande mmoja na kulikuta. Mbaya zaidi ni mvua kubwa kukutana na bamvua, yaani kujaa kukubwa kabisa kwa bahari. Maji kujaa yanapofika kwenye kalvati, mto hauna pa kwenda, kwa hiyo matundu yanapimwa kwa hali hiyo wala si kwa mvua peke yake. Moroko waliona ni heri kuvuka bonde la Hachef, kusini mwa Tangier, kwa daraja la kilomita 3.5. Kwetu, anayechora reli ya Dar hadi Mtwara aangalie Daraja la Mkapa lililofunguliwa 2003: wahandisi wa barabara waliuvuka mto Rufiji upande wake wa juu, mbali na delta. Barabara inaweza kupinda ilifuate daraja. Reli ya kasi lazima ianze kujipanga makumi ya kilomita kabla. Kaskazini zaidi kuna mwamba wa matumbawe wenye mapango ndani, na huo ni mgumu kwa namna nyingine, kwa sababu kisima cha majaribio kinaweza kupita mita moja kando ya tundu.

Chumvi na upepo nitavipita haraka. Vihami vya nyaya za kilovolti 25 viwe vya silikoni na vyenye mbavu ndefu, viwekewe ratiba ya kuoshwa, la sivyo usiku wa umande umeme utaruka. Zege lifunike nondo kwa milimita 50 au zaidi. Penye madaraja yaliyo wazi weka vipima upepo vinavyoshusha kasi vyenyewe, na kuta za kukinga ubavu. Kuhusu reli iliyobanana na mawimbi, Dawlish kule Uingereza ilivunjwa na dhoruba Februari 2014 ikafungwa hadi Aprili, na hiyo si hata reli ya kasi.

Kuhusu stesheni za kila mji: treni ya 320 inahitaji karibu kilomita 8 kusimama kwa breki ya kawaida na mara mbili ya hapo kurudi kwenye kasi. Ukijumlisha dakika 2 za abiria, kila kituo kinagharimu dakika 6 au 7. Vituo vitano ni zaidi ya nusu saa, na treni haikai kwenye kasi uliyoilipia. Miji midogo ya pwani inastahili usafiri mzuri, nami nalisema hilo kwa dhati: wajengewe treni za 160 kwenye njia yao, zinazokutana na ya kasi kwenye stesheni mbili au tatu zenye ratiba iliyofungamana. Kuwaahidi kituo cha treni ya 320 ni kuwadanganya, kwa sababu baada ya uzinduzi treni zitapita bila kusimama.

Kwa hiyo anayetaka maoni yangu kuhusu mstari wowote wa pwani asiniletee kwanza picha ya treni. Aniletee visima vya majaribio vya kila bonde analotaka kuvuka, vilivyofika kwenye ardhi ngumu, na kina cha maji wakati wa bamvua. Tutachora baada ya hapo.