Je, wajua kwa nini bei ya chumba cha ufukweni hushuka wakati wa masika?

Kuanzia Machi mpaka mwishoni mwa Mei, ukipiga simu kwenye hoteli za Kunduchi, Mbezi Beach au Kigamboni jijini Dar es Salaam, unaweza kutajiwa bei ambayo Desemba usingeisikia. Wengi husema ni mvua. Mvua huwaondoa wageni, ni kweli, ila kinachoshusha bei ni hesabu ya chumba kitupu.

Usiku ambao haukuuzwa hauwekwi stoo. Mlinzi atalipwa, pampu ya bwawa itazunguka na jenereta itafanyiwa sevisi, mgeni awepo asiwepo. Tuseme chumba cha sh. 250,000 kinaigharimu hoteli sh. 40,000 mgeni akilala: umeme wa kiyoyozi, maji, kufua mashuka na chai ya asubuhi. Akilipa sh. 120,000 mwezi wa nne, zinabaki 80,000 za kusukuma mishahara. Kikilala kitupu, hakibaki kitu. Ndiyo maana meneja aliyekataa kupunguza Desemba, Aprili yuko tayari kuzungumza.

Upande wa pili wa hesabu hiyo uko kwenye umiliki wa wiki, yaani watu wengi kununua haki ya kutumia nyumba moja ya likizo kwa zamu, kila mmoja na wiki yake kati ya 52. Kampuni ya kubadilishana wiki ya RCI, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1974, imezigawa kwa rangi: nyekundu hugombewa, nyeupe ni za wastani, buluu ni za msimu mfu. Lakini ada ya matunzo ya kila mwaka kwa kawaida hufuata ukubwa wa nyumba, haifuati rangi. Mwenye wiki ya buluu analipia paa na walinzi sawasawa na mwenye nyekundu, na akitaka kubadilishana, yake haina nguvu. Hotelini, hasara ya msimu mbaya ni ya mwenye hoteli. Huku umeinunua wewe. Ukiitwa kwenye kikao cha kuuziwa wiki, uliza kabla ya kusaini: ni wiki namba ngapi, ada hupandishwa na nani, na nikitaka kujitoa nafuata njia gani. Kwa anayetaka siku tatu tu za upepo wa bahari, kukodi chumba wakati wa masika kunatosha kabisa.

Si kila siku ya masika ni rahisi, hata hivyo. Pasaka huangukia kati ya 22 Machi na 25 Aprili, kisha kuna Karume tarehe 7 Aprili, Muungano tarehe 26 na Mei Mosi. Siku hizo watu wa mjini hujaa na bei hurudi juu. Lala Jumapili hadi Alhamisi. Piga simu hotelini moja kwa moja, uliza bei ya wakazi, uliza kama VAT imo ndani, na uliza kama kuna ukarabati unaoendelea, maana hoteli nyingi husubiri miezi hii kugonga nyundo. Majibu yaandikwe kwenye WhatsApp, pamoja na masharti ya kuahirisha.

Kabla ya kulipa, ingia chumbani. Harufu ya ukungu maana yake chumba kimefungwa muda mrefu; omba kingine, cha ghorofa ya juu kama kipo. Tazama dari chini ya makuti: madoa ya kahawia ni njia ya maji. Kagua chandarua kama kina matundu. Bwawa likiwa la kijani usiogelee, kwa sababu mvua kubwa huzimua klorini na mtunza bwawa akichelewa kuongeza dawa, mwani huota haraka.

Baharini, kalenda ya mwezi ina maana kuliko utabiri wa mvua. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, pwani ya Dar maji hujaa karibu saa kumi na kupwa karibu saa nne. Ukishuka ufukweni asubuhi baada ya chai utakuta mchanga na miamba. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50, hivyo baada ya wiki moja, siku za maji mafu, hujaa karibu saa nne asubuhi, tena bila kwenda mbali sana yanapopwa. Panga likizo yako hapo. Baada ya mvua kubwa, kaa mbali na midomo ya mito, kama Mto Tegeta na Mto Mbezi, kwa siku moja au mbili: maji yake ya kahawia hubeba tope na uchafu wa mitaa. Boti za Mbudya na Bongoyo nazo huweza kusitishwa kusi likivuma kwa nguvu, kwa hiyo usilipie safari ya kisiwani mapema.

Na barabara. Msimbazi ukifurika, barabara ya Jangwani hufungwa na mabasi ya mwendokasi husimama. Anayetoka Kimara kwenda Kunduchi apite Mwenge, asishuke mjini kwanza. Anayekwenda Kigamboni atumie daraja akiona bahari imechafuka. Foleni ya kivuko siku kama hiyo humla mtu nusu siku ya likizo aliyoilipia.