Je, wajua kwanini kostiki soda inateleza mkononi kama sabuni?

Ukishika kitu kilicholowa maji ya kostiki soda, iwe maabara ya shule au kwa mama anayetengeneza sabuni za miche nyumbani, vidole vinateleza. Havichomi, haviwashi, vinateleza tu. Na hapo ndo utasikia mtu anasema "mbona iko poa, ingekuwa tindikali saa hizi tuko hospitali".

Jibu fupi ni hili: inateleza kama sabuni kwasababu sehemu ya huo utelezi ni sabuni kweli, na mafuta yaliyotumika kuitengeneza ni ya ngozi yako.

Sasa kabla ya kwenda mbele lazima tuishughulikie hiyo imani kwamba tindikali ndo katili na alkali (kundi la kemikali ambalo kostiki soda imo) ni mpole, maana iko vichwani mwa watu wengi mno, hata waliomaliza form four wakiwa na kemia nzuri tu. Na ukiangalia imetoka wapi huwezi kuwalaumu. Kwenye taarifa ya habari mtu anamwagiwa tindikali, hujawahi kusikia kamwagiwa alkali. Darasani mifano ya alkali ni majivu, sabuni, dawa ya kiungulia, vitu vya nyumbani kabisa, halafu mifano ya tindikali ni ile chupa ya kabatini ambayo mwalimu peke yake ndo anaruhusiwa kuigusa. Afu kuna ile pH, kipimo cha utindikali na ualkali, inaanza 0 inaishia 14, na watu wanaisoma kama ngazi ya hatari, yaani 1 ni kifo, 7 ni maji, na 14 basi itakuwa salama kuliko hata maji! Haiko hivyo. Salama iko katikati, na ukitoka katikati kwenda upande wowote unaelekea pabaya. Gramu 4 tu za kostiki soda kwenye lita moja ya maji zinakufikisha pH 13.

Kwa viwango vya Umoja wa Ulaya, myeyusho wenye kostiki soda kuanzia asilimia 0.5 hadi chini ya 2 unahesabiwa kuwa unawasha ngozi. Kuanzia asilimia 2 hauitwi tena wa kuwasha, unaitwa wa kuunguza, na kuanzia 5 unaingia kundi la juu kabisa la kuunguza. Sasa ile chupa ya kostiki ya 1M (yaani mole moja kwa lita, ukolezi wa kawaida wa maabara ya shule) ambayo wanafunzi wanaizoea mpaka wanaimimina huku wanapiga stori ina gramu 40 kwa lita, yaani asilimia kama 4, kwahiyo mstari wa kuunguza imeshauvuka.

Kemikali yenyewe kwa ufupi: ni haidroksidi ya sodiamu, NaOH, chenga au vidonge vyeupe vinavyonyonya unyevu wa hewani mpaka vinalowa vyenyewe. Siku hizi inatengenezwa kwa kupitisha umeme kwenye maji ya chumvi, na klorini inatoka hapohapo. Mwaka 1807 Humphry Davy aliiyeyusha akapitisha umeme ndani yake na ndo akapata sodiamu kwa mara ya kwanza. Na tusiichanganye na magadi ya Ziwa Magadi kule Kenya, yale ni ya kundi la kaboneti ya sodiamu, ndugu yake lakini mpole zaidi.

Tuje kwenye utamu wenyewe. Chukua ute wa yai, gawanya kwenye glasi mbili, moja tia tindikali kali ya haidrokloriki, nyingine tia kostiki soda iliyokolea. Kwenye tindikali ute unageuka mweupe na kushikana kama yai lililochemshwa. Kwenye kostiki hakuna weupe wa hivyo, ute unakuwa kama jeli, unapitisha mwanga, unaonekana hata haujaharibika, halafu ukiuacha muda mrefu jeli inalegea na kurudi kuwa majimaji. Ute ni protini na maji, na ngozi yako kwa sehemu kubwa nayo ni protini, maji na mafuta, kwahiyo kinachotokea kwenye glasi kinakupa picha ya kinachotokea mkononi. Tindikali nyingi zikigusa ngozi zinaigandisha protini ya juu, inakuwa ukoko mgumu, na ule ukoko unaizuia tindikali kiasi isizame haraka. Imeunguza, ndio, na inauma vibaya, ila imejijengea ukuta mbele yake yenyewe. Kostiki haijengi ukuta. Inavunja protini, inageuza mafuta kuwa sabuni, tishu inalainika na kuwa uteute, na kwenye uteute hakuna cha kuizuia, inaendelea kushuka chini muda wote ambao bado ipo. (Kuna tindikali zinazovunja huu utaratibu. Ya haidrofloriki inazama hadi kwenye mfupa, kwahiyo mtu asitoke hapa akaanza kuzidharau tindikali.)

Hiyo ya mafuta kugeuka sabuni ndo ileile wanayoifanya watengeneza sabuni. Kilo moja ya mafuta ya nazi inahitaji kama gramu 183 za kostiki ili mafuta yote yaishe kuwa sabuni. Mkono wako una mafuta kidogo sana ukilinganisha na hiyo ndoo, ila kanuni ni moja. Kusema kweli kuubebesha utelezi wote kwa sabuni ni kurahisisha mambo, maana tabaka la juu la ngozi lenyewe pia linavimba na kulainika likikaa kwenye alkali, na hivyo vitu viwili ukiwa umeshika kwa vidole huwezi kuvitenganisha.

Na maumivu je? Hapa ndo pananishangaza kuliko kote. Myeyusho wa asilimia 25 hadi 50 unaanza kuwasha ndani ya kama dakika 3, lakini wa asilimia 4 (ileile 1M yetu) unaweza kukaa masaa kadhaa kabla hujasikia kitu. Kwahiyo mtu anateleza vidole saa nne asubuhi, anafuta kwenye koti, anakula mchana, jioni ndo anaanza kujiuliza mkono una nini. Kutokusikia maumivu hakumaanishi haijafanya kazi.

Ikikugusa, ni maji. Kama ni chenga kavu pangusa kwanza zitoke, vua nguo iliyolowa, halafu maji yanayotiririka kwa wingi, dakika 15 ndo mwanzo, na kwa kostiki mara nyingi zaidi ya hapo. Sio kuchovya kwenye beseni. Utelezi ukiwa bado upo, endelea. Jicho ndo haraka kuliko vyote kwasababu alkali inapenya kioo cha mbele cha jicho ndani ya dakika chache, kope zifunguliwe kwa vidole, maji yapite moja kwa moja, halafu hospitali hata kama unaona vizuri. Mafundi ujenzi hii inawahusu pia, chokaa na saruji mbichi ni alkali ya nguvu. Na mtoto akinywa usimtapishe, maana ikipanda inaunguza koo mara ya pili, msuuze mdomo umkimbize hospitali.

Wengi watauliza kuhusu siki au ndimu, si zinaua alkali? Kwenye karatasi zinaua. Na kuna majaribio ya panya ambapo tindikali ya siki ya asilimia 5 ilileta matokeo mazuri kwenye majeraha ya alkali, kwahiyo wazo lenyewe sio la kijinga. Ila panya wa maabara sio wewe unayehangaika kutafuta chupa ya siki jikoni, dakika unazopoteza ndo kostiki inazitumia kushuka, na kwenye jicho usithubutu kabisa. Maji yapo karibu, hayana kipimo cha kukosea, na yanaondoka nayo.

Wakati wa kuchanganya, chenga ndo zinaingia kwenye maji kidogo kidogo huku unakoroga, sio maji kumwagwa juu ya chenga, kwasababu inatoa joto kali sana, maji ya bomba ya kawaida yanaweza kukaribia kuchemka yakarukia usoni. Vaa glavu za mpira na miwani inayoziba hadi pembeni, ya kusomea haitoshi. Ile harufu ya kukaba koo ni matone madogo mno yanayoruka kwenye hewa, basi kaa penye upepo. Na sufuria za alumini ziweke mbali, kostiki inaila alumini na kutoa gesi ya haidrojeni, inayowaka. Stenlesi au plastiki nene inafaa.

Kioo nacho inakila, polepole. Ndo maana chupa yake ina kifuniko cha plastiki, maana ikiwa na kizibo cha kioo baada ya muda kinashikana na shingo na hakitoki tena. Bureti (ule mrija mrefu wa kupimia wenye bomba chini) ya bomba la kioo iliyoachwa na kostiki wikiendi nzima inakuwa hivyohivyo, Jumatatu bomba halizunguki, na fundi wa maabara anaanza kuuliza ni nani aliyefanya taitresheni (lile zoezi la kupima tindikali kwa alkali) Ijumaa.