"Je t'aime bien" si "nakupenda sana"

Nimeulizwa tena, safari hii na mtu ambaye ujumbe alishautuma: "Mwalimu, nimemwandikia 'je t'aime bien' ajue nampenda sana. Mbona amejibu 'merci, c'est gentil'?" Kwa sababu umemwambia ni mtu mzuri, ndugu yangu. Amekushukuru.

Sisi tukitaka kuzidisha tunaongeza "sana", na tunadhani Mfaransa naye hufanya hivyo hivyo. "Aimer" (kupenda) kwa mtu haiko hivyo. "Je t'aime" tupu ndiyo kilele. Ukiweka "bien" umeshateremka: tunaelewana, sina neno nawe, basi. "Je t'aime beaucoup" ("beaucoup" ndiyo "sana" yao) nayo ni ya rafiki wa siku nyingi, au ya yule unayetaka kumwacha bila kumuumiza.

Na msiniletee habari za ua. Najua, Wafaransa wakinyofoa petali za "marguerite" kubahatisha wanapendwa kiasi gani huhesabu "un peu, beaucoup, passionnément, à la folie, pas du tout" (kidogo, sana, kwa shauku, kwa wazimu, hapana kabisa), na hapo "beaucoup" imeipita "un peu". Lakini kwenye ua vipimo vyote vimepangwa, unajua kipi kiko juu ya kipi. Kwenye simu kuna mtu anasoma sentensi moja na kujiuliza kwa nini hukuishia kwenye "je t'aime".

Wala si kila nyongeza inapunguza. "Je t'aime fort" (kwa nguvu), "je t'aime tellement" (mno): hizo ziko salama. "Énormément" (kupita kiasi) ndiyo inayonitatiza. Wapenzi wanaitumia, mama anamwandikia mwanawe hiyo hiyo, na mpaka leo sijui niiweke upande gani.

Kwa vitu mambo yanageuka. "J'aime beaucoup le café" inazidi "j'aime le café" (napenda kahawa), kama mlivyozoea. "Bien" bado inapooza: anayesema "j'aime bien le café" ukimletea chai hatanuna. Halafu ni "le café", si "du café", hata ukikanusha: "je n'aime pas le café". Tusonge.

Na "j'aimerais bien"? Hiyo "bien" haipunguzi kitu. Ni "ningependa kweli", ila mara nyingi husemwa juu ya jambo ambalo halitakuwa. "J'aimerais bien venir, mais…" (ningependa kweli kuja, lakini…). Ukishaisikia hiyo "mais", usimwekee sahani.